Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba: Dawa Moja, Masharti Tofauti

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo Wakenya wengi huviita P2, vina dawa ile ile katika nchi nyingi duniani: levonogestreli. Kinachotofautiana ni masharti ya kuvipata. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu muda ni mfupi. Vidonge hivi hufaa zaidi vikimezwa mapema, ndani ya saa 72 baada ya ngono bila kinga, na nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita.

Dawa hii huchelewesha yai kutoka kwenye ovari. Haitoi mimba ambayo tayari imetunga. Hata hivyo, nchi ya Honduras ilipiga vidonge hivi marufuku mwaka wa 2009, na marufuku hiyo ikaondolewa Machi 2023.

Nchini Ufaransa, vidonge hivi vilianza kuuzwa bila agizo la daktari mwaka wa 1999. Tangu Januari 2023, wanawake wa umri wowote huvipata bila malipo katika maduka ya dawa. Marekani iliruhusu viuzwe bila agizo kwa watu wazima mwaka wa 2006, kisha mwaka wa 2013 ikaondoa kikwazo cha umri.

Poland ilichukua mkondo mwingine. Mwaka wa 2015 iliruhusu ulipristali, kidonge kinachotumika hadi saa 120, kiuzwe bila agizo. Mwaka wa 2017 sharti la daktari lilirudishwa. Kwa aliyekihitaji usiku au mwisho wa juma, kumtafuta daktari kungeweza kumaliza saa zile zile alizozihitaji.

Hapa Kenya, mfamasia aliyesajiliwa anaweza kukuuzia vidonge hivi bila agizo la daktari. Kikwazo kwa wengi ni bei, umbali wa duka la dawa, aibu au uvumi. Kwa hivyo ni vyema kuzingatia yafuatayo:

• Usingoje. Meza dawa mapema uwezavyo.

• Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudi kwa mhudumu wa afya, kwani huenda ukahitaji kumeza tena.

• Mweleze mfamasia ikiwa unatumia dawa za kifua kikuu, kifafa au virusi vya ukimwi. Baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge hivi.

• Koili ya shaba ikiwekwa na mhudumu aliyefunzwa ndani ya siku tano, huzuia mimba kwa uhakika zaidi kuliko vidonge, na huendelea kukukinga kwa miaka mingi.

• Hedhi ikichelewa kwa zaidi ya wiki moja, pima mimba.

Vidonge hivi havizuii virusi vya ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Aliyebakwa afike hospitalini mara moja, kabla ya saa 72 kwisha, ili apewe pia dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi. Msaada hupatikana kwa kupiga simu nambari 1195, bila malipo.

Vidonge vya dharura si njia ya kila siku. Anayejikuta akivihitaji mara kwa mara anashauriwa kumwona muuguzi katika kituo cha afya kilicho karibu, ili achague njia ya kupanga uzazi inayomfaa.