Miezi Minne Kabla ya Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi wa darasa la saba nchini Tanzania humaliza mtihani wake Septemba, kisha husubiri hadi Januari. Ndani ya miezi hiyo, watoto waliokaa dawati moja huanza kuachana. Mwenye wazazi wenye uwezo hupelekwa kozi ya "pre-form one", akanolewa Kiingereza, hisabati na sayansi. Mwenzake huuza maandazi stendi au hulea wadogo zake.

Januari wanakutana shule ya kata. Sare ni moja na ada hakuna, kwani tangu Januari 2016 ilifutwa hadi kidato cha nne. Kwa macho, wako sawa.

Mwalimu wa baiolojia anaandika ubaoni: "photosynthesis". Jambo lenyewe si geni. Shule ya msingi waliliita usanisinuru, na muuza maandazi wetu anaweza kukueleza vizuri jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kujitengenezea chakula. Lakini sasa anaulizwa kwa Kiingereza na anatakiwa ajibu kwa Kiingereza. Anainamisha kichwa. Mwalimu anaona hajui.

Kufuta ada kulimfikisha mtoto huyu darasani, na hilo si dogo. Kuelewa kinachosemwa humo ni suala jingine. Lugha ya kufundishia inapobadilika ghafla, anajifunza lugha na somo kwa mpigo. Aliyetoka shule ya msingi ya kulipia, zile tunazoziita "English medium", mzigo wa lugha alikwisha kuutua miaka saba nyuma. Na pengo hili huzaa: asichokishika kidato cha kwanza ndicho msingi wa kidato cha pili, ambako upimaji wa kitaifa unamngoja. Kozi fupi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo inasaidia, ila wiki chache haziwezi kufidia miezi minne, sembuse miaka saba.

Basi matokeo yakibandikwa, tusiharakishe kusema huyu ana akili na yule hana. Baadhi ya alama zile zilinunuliwa mapema.

Nawe mwalimu mwenzangu, kabla hujamwandikia mtoto sifuri, muulize tena swali lile lile kwa Kiswahili. Ukisikia jibu sahihi, utajua anachohitaji kufundishwa.