Lufira: Barage inatoa umeme, lakini deni la samaki litalipwa na nani?

Katika komini ya Katuba, mujini Lubumbashi, kuna kartie zenye zilipewa majina ya maji: Lufira, Kisale, Upemba. Lakini wakaaji wengi wa kule wanajua muto Lufira kwa njia mbili tu: umeme wa SNEL, wenye unakuja na kupotea, na samaki wa Kapolowe, mwenye mama anapima bei yake sokoni mbele ya kupika bukari.

Vitu hivyo viwili vinatoka kwenye maji yaleyale. Union Minière ilijenga barage ya Mwadingusha kwenye maporomoko ya Cornet, na mwaka wa 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme wa viwanda vya shaba. Nyuma ya ukuta maji yakasimama, yakafunika bonde, na ziwa Tshangalele likazaliwa. Likijaa, linapita kilometa za mraba 400, lakini kina chake cha kawaida hakifike meta 3. Kisha ikakuja barage ya pili, Koni, chini kidogo kwenye muto uleule, mwaka wa 1950.

Tangu wakati ule, Lufira ya chini ya barage haifuate mvua peke yake. Inafuata pia mutambo. Wakifungua, maji yanapanda hata kama ni katikati ya kipwa. Wakifunga, mawe yanaonekana. Samaki na muvuvi wanapaswa kuishi na jambo hilo, na hakuna kati yao mwenye anashika funguo.

Jambo hilo haliko la Katanga tu. Kule Marekani, katika jimbo la Arkansas, kuna muto wenye kuitwa Little Red River. Barage ya Greers Ferry, yenye ukuta wa meta 74, iliufunga mwaka wa 1962. Miezi ya Juni mpaka Agosti, wakati sisi tunavaa majaketi asubuhi, kule jua linawaka sana. Lakini watu wanaingia ndani ya muto huo mpaka kwenye magoti, na maji ni baridi. Sababu ni kwamba ziwa la nyuma ya barage ni refu kwenda chini, na mitambo inavuta maji ya chini, kwenye jua halifike.

Wanatafuta samaki mwenye kuitwa trauti, mwenye hawezi kuvumilia maji ya moto. Hawatumikishe mududu wa kweli. Wanafunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano ndogo mpaka ifanane na inzi, kisha wanaitupa juu ya maji kwa kamba nzito yenye kupita juu ya kichwa. Mbele ya kuingia, kila mutu anaangalia kwanza saa zenye mitambo itafanya kazi, kwa sababu ratiba inatangazwa. Joto likizidi, watu wa muji wanawasha mashine za kupoza nyumba, umeme unaombwa mwingi, na muto unaweza kupanda kwa ghafula. Mwenye hakuangalia ratiba anaweza kubebwa na maji.

Na trauti hakuzaliwa kule. Mbele ya barage, muto ule ulikuwa na samaki wa maji ya moto. Maji ya baridi yaliwaharibia maisha. Basi serikali ya Marekani, yenye ilijenga barage, ilijenga pia shamba la kuzalisha trauti karibu na ukuta, na samaki wadogo wanatiwa ndani ya muto mpaka leo. Mwaka wa 1992, muvuvi mumoja alitoa kule trauti mwenye kupita kilo 18, na kwa miaka mingi hakuna mutu duniani alimushinda. Wavuvi nao wanalipia ruhusa kila mwaka. Samaki wa zamani hawakurudi, lakini mwenye alifunga muto hakuacha deni lake mikononi mwa muvuvi.

Je, tulete trauti Lufira? Hapana. Afrika Mashariki iko naye: mwaka wa 1905 Ewart Grogan alimutia katika muto Gura, kule Kenya, lakini ni kwenye milima ya Aberdare, penye baridi. Tshangalele si refu, maji yake yanapata moto upesi. Tena Katanga haina lazima ya samaki mugeni. Iko na tilapia wake na kambale wake. Kufuga tilapia si jambo jipya kwetu: wakati wa ukoloni, kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilijulikana kwa kazi hiyo.

Chenye tunaweza kukopa ni desturi ile ya kulipa deni. Mwaka wa 2021, mitambo ya Mwadingusha ilirudia kazi kisha kutengenezwa upya na SNEL pamoja na kampuni ya Kamoa Copper. Kama feza ya mitambo ilipatikana, meza yenye watu walikaa kwa kuipanga inaweza kuwa na kiti cha muvuvi pia. Hana maombi mengi. Saa za kufungua maji zitangazwe kwa radio, kwa luga yenye anasikia. Sehemu zenye samaki wanatagia mayai zilindwe. Maji ya viwanda vya Likasi yapimwe mbele ya kuingia ziwani, kwa sababu watafiti walikwisha kuonyesha kwamba shaba na kobalti vinafika mpaka ndani ya samaki wa Tshangalele. Na wakati wa masika, uvuvi unapofungwa ili samaki wazae, jamaa za wavuvi zipate namna ya kuishi. Mutu mwenye njaa anaingia ziwani usiku, na chandarua cha mbu kinakuwa wavu wake.

Hapo Katuba nayo inaingia. Fretin na kapenta ni wadogo kwa asili. Hata wakikomaa wanabakia vile. Lakini tilapia wa kidole kimoja ni mutoto, na alitolewa mbele ya kuzaa hata mara moja. Mama mwenye anamununua kwa sababu ya bei anakula samaki wa miaka yenye kuja. Na ziwa likiisha, sahani ya Katuba itangojea tu tomson ya barafu, yenye kutoka Namibia na kupita Kasumbalesa, kwa bei ya dola.

Umeme ukikatika, wote wanalalamika siku ileile. Samaki anaisha polepole, bila kelele, ndiyo maana deni lake linasahauliwa.