Uandikie Wapi Ukurasa Wako wa Kwanza wa Wavuti?

Wengi wanaotaka kujifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, huahirisha wakidhani kompyuta yao haina nguvu ya kutosha. Ukurasa wa wavuti ni maandishi matupu, na Notepad, ambayo imo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la 1985, inatosha kuyaandika. Anayeanza hukwama zaidi kwa kuchagua vibaya programu ya kuandikia.

Microsoft Word haifai, hata kama umeizoea kwa barua na ripoti. Huongeza mambo ambayo hukuyaandika, kama ukubwa wa herufi na nafasi, tena hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka zikawa zimepinda. Kwenye barua zinapendeza. Kwenye HTML, ukiandika href=”picha.html” kwa alama zilizopinda, kivinjari huzihesabu kuwa sehemu ya jina la faili, kikaitafuta faili yenye jina hilo la ajabu na kuikosa. Mwanafunzi huutazama mstari wake mara kumi na kila mara akauona sawa.

Kwa hiyo programu inayofaa ni ile inayohifadhi ulichobonyeza, bila nyongeza. Notepad hufanya hivyo, ila ina mtego wakati wa kuhifadhi. Windows huficha herufi za mwishoni mwa jina la faili, hivyo ukiandika index.html bila kuchagua All files, inaweza kuongezewa .txt nyuma yake usione. Kwenye Mac, TextEdit huanza na maandishi yenye mapambo, hivyo fungua menyu ya Format uchague Make Plain Text.

Lakini lipo jambo kubwa zaidi, na hapo Notepad hushindwa: kukuonyesha kosa. Vivinjari vimeundwa kuvumilia HTML mbovu. Ukisahau kufunga lebo (tag), Chrome au Firefox haitakuambia lolote. Itakisia ulichokusudia na kuendelea. Basi mkaguzi wako wa kwanza ni programu unayoandikia, na iliyo nzuri hukagua kwa rangi. Lebo huwa na rangi yake, sifa za lebo rangi nyingine, na maneno yaliyo kati ya alama za kunukuu rangi ya tatu. Sahau kufunga alama moja tu, mistari inayofuata itageuka rangi papo hapo, na utajua pa kurudi.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunazihitaji rangi hizo zaidi. Siku utakapofika kwenye lugha ya JavaScript utaandika 'ng'ombe' au 'ng'ambo', na ile alama ya ng' itahesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa maneno. Kodi nzima itagoma. Mwenye rangi ataona "ombe" imebadilika kabla hajahifadhi, naye atazungushia alama mbilimbili: "ng'ombe". Na ukinakili maandishi kutoka Word kisha ukurasa ukakuonyesha ngâ€™ombe, ujue faili imehifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 ila kivinjari kimeisoma kwa mfumo mwingine. Weka <meta charset="utf-8"> ndani ya head, itakaa sawa.

Kwa mwenye Windows, jibu langu ni Notepad++. Don Ho aliitoa mwaka 2003. Ni ya bure, ni nyepesi, na rangi inazo. Mwenye Linux achukue Geany. Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotoka 2015, ndiyo iliyoenea kazini, na iko siku utaihitaji. Lakini imejengwa juu ya Electron, maana yake ndani yake mna injini nzima ya kivinjari cha Chromium, na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2 itaelemewa. Isitoshe, ndani ya faili ya HTML ukiandika alama ya mshangao na kubonyeza Tab, inakuletea kiunzi chote cha ukurasa. Anayejua anaokoa muda. Anayejifunza ananyimwa zoezi. Mwanzoni andika html, head na body kwa vidole vyako mwenyewe, hata kama inachosha.

Utasikia pia programu ya Vim ikisifiwa. Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa umma 1991 na kufariki 2023, aliwaomba watumiaji wake wawachangie watoto wa Kibaale nchini Uganda, na kwa hilo namheshimu sana. Ila inadai ujifunze amri zake kwanza, kwa hiyo iache kwa baadaye.

Usiogope kwamba ukichagua umefungwa. Kampuni ya GitHub iliizima Atom, programu yake ya kuandikia kodi, Desemba 2022, na kurasa zilizoandikwa humo bado zinafunguka popote, kwa kuwa ni maandishi matupu.

Walimu wa kompyuta, nawaomba jambo moja. Notepad++ ina toleo lisilohitaji kusakinishwa, linalokaa kwenye flashi. Lipakueni mara moja, mlipeleke kwenye kila kompyuta ya maabara, na somo la HTML liendelee hata siku ambayo intaneti haipo.