PAKA JIKO LAKO RANGI NYEUPE

Ukipaka nyumba yako rangi, unaanzia wapi? Watu wengi huanza na ukuta wa mbele, unaotazama njia. Jiko huachwa mwisho. Mara nyingi halipakwi kabisa. Lakini jikoni ndiko mama na mtoto mchanga hukaa saa nyingi kila siku.

Wengine hulipaka jiko rangi ya giza. Husema, "Huku kuna masizi. Rangi ya giza itaficha uchafu." Shauri hilo si jema. Uchafu uliofichwa haujaondoka.

Kwa nini nyeupe?

Rangi nyeupe hurudisha mwanga. Dirisha dogo likiwa na ukuta mweupe mbele yake, jiko zima hupata nuru. Mama huona mdudu aliyeanguka katika maziwa. Huona mende ukutani. Huona mtoto anayetambaa kuelekea motoni.

Tena, rangi nyeupe husema kweli. Ukuta ukiwa mweusi baada ya muda mfupi, jua kwamba moshi ni mwingi. Moshi huo huo unaingia katika vifua vyenu.

Moshi ni adui

Katika nyanda za juu za Mbulu na kwenye miteremko ya Mlima Hanang, miezi ya Juni na Julai ina baridi kali. Watu hufunga mlango na kuota moto ndani. Nyumba za tembe, zenye paa la udongo, huhifadhi joto vizuri. Lakini moshi nao hubaki ndani.

Moshi wa kuni huleta kikohozi cha muda mrefu na huumiza macho. Kwa mtoto mdogo huongeza hatari ya kichomi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofikia miaka 5.

Kwa hiyo, usianze na rangi. Anza na njia ya moshi. Toboa dirisha, na tundu jingine juu ya ukuta wa pili, ili hewa ipite. Ukiweza, jenga dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Pikia kuni zilizokauka.

Namna ya kupaka

Rangi nyeupe ya bei nafuu ni chokaa. Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, baada ya mavuno.

1. Toa vyombo na chakula chote nje. Kwangua masizi kwa ufagio mgumu. Funika pua na mdomo kwa kitambaa.
2. Siriba ukuta kwa udongo laini, uzibe nyufa. Ukipaka chokaa juu ya masizi, weusi utatokeza tena. Acha ukuta ukauke.
3. Loweka chokaa ya unga katika maji usiku mmoja. Koroga, kisha chuja. Iwe nyepesi kama maziwa. Mafundi wengi hutia chumvi kidogo ili chokaa ishike.
4. Lowesha ukuta kidogo kwa maji. Paka kwa burashi ya katani. Ikikauka, rudia mara ya pili na ya tatu.

Sehemu ya chini, inayofika kiunoni, huchafuliwa na matope na mikono ya watoto. Hapo unaweza kusiriba udongo mwekundu. Juu pawe peupe. Kama chokaa haipatikani, tumia udongo mweupe wa kwenu, kama upo.

Angalia sana! Chokaa huunguza macho na ngozi. Weka watoto mbali. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati. Usitumie tena ndoo ya chokaa kwa maji ya kunywa wala maziwa.

Ukinunua rangi ya mafuta dukani, uliza kama ina madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kama muuzaji hajui, chokaa ni salama zaidi.

Tusome, tujadili, tutende

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Tufuate njia hiyo. Baba na mama wakubaliane: fedha ya rangi ya mwaka huu ianzie jikoni.

Maswali ya kujadili

1. Jiko lenu lina matundu mangapi ya kutolea moshi?
2. Nani hukaa jikoni muda mrefu kuliko wengine? Je, anakohoa?
3. Ukuta wa jiko lenu una rangi gani leo? Umekuwa hivyo kwa sababu gani?