Injini Ikitetemeka, Kikulacho ki Nguoni Mwako

Wananchi wengi wenye magari wameanza kuyahudumia kwa mikono yao. Siku ya Jumamosi asubuhi, apitaye mitaani huwaona wamefungua boneti, mikono imetapakaa oili, wakibadili plagi na chujio la hewa pasipo kumngoja fundi. Jambo hili tunaliunga mkono kwa moyo mmoja. Taifa lililotangaza Siasa ya Kujitegemea katika Azimio la Arusha, mwaka 1967, haliwezi kumbeza mtu anayejifunza kukitunza chombo chake mwenyewe.

Hata hivyo, iko kasoro moja ambayo hatuna budi kuisema. Gari lililokuwa zima asubuhi, jioni hutetemeka kama mgonjwa wa homa kila linaposimama hali injini inawaka. Hali hiyo ya injini kuzunguka bila mguu kukanyaga mafuta, mafundi wetu huiita sailensi, na katika magari mengi madogo huwa ni mizunguko baina ya 600 na 900 kwa dakika. Itetemekapo hapo, mwenye gari hulaumu plagi, hulaumu petroli, humlaumu muuzaji wa vipuri. Ni nadra sana kuulaumu mkono wake.

Nasi tumo katika kundi hilo, wala hatuoni haya kukiri. Jumamosi moja tulibadili plagi nne na chujio la hewa katika gari letu. Tulipowasha, injini ikatikisika hata kioo cha pembeni kikacheza. Papo hapo tukakata shauri kwamba plagi zile ni za bandia. Tukarudi dukani, tukamwita muuzaji tapeli mbele ya wateja wake, kisha tukaenda kununua plagi nyingine kwa mtu mwingine. Mtikisiko haukupungua. Mwishowe tulimwita kijana mmoja fundi, naye kabla ya kugusa chochote akatuuliza swali moja tu: “Mzee, kabla halijaanza kutetemeka uligusa nini?”

Tulipomweleza, aliinama nyuma ya kasha la chujio la hewa. Palikuwa na mpira mwembamba ambao tuliuchomoa ili tupate nafasi, tukasahau kuurudisha. Aliusukuma mahali pake, na injini ikatulia. Hakuna kipuri kilichonunuliwa. Kilichobaki ni deni letu kwa mtu tuliyemvunjia heshima bila hatia, na ilitupasa kurudi dukani kwake kumtaka radhi mbele za watu, kama tulivyomtukana mbele za watu.

Inafaa wasomaji waelewe kwa nini mpira mdogo kama ule huleta ghasia kubwa. Injini inapokuwa katika sailensi, mlango wa hewa karibu umefungwa, na silinda huvuta kwa nguvu hewa kidogo iliyopimwa ili ichanganyike na mafuta. Pakiwa na tundu upande wa ndani wa mlango huo, hewa isiyopimwa huingia kwa wizi, na mchanganyiko huharibika. Dereva akanyagapo mafuta, mlango hufunguka, hewa nyingi huingia, na ile ya wizi huwa sehemu ndogo tu. Ndiyo maana gari hilo hilo likiwa barabarani laweza kwenda vizuri, na likifika penye taa nyekundu likaanza kutetemeka.

Tuliosoma chuoni tunakumbuka desturi ya mwalimu. Mwanafunzi alipokosea katikati ya sura, mwalimu hakumwambia atafute msahafu mwingine. Alimrudisha kwenye aya ile ile aliyojikwaa. Basi na mwenye gari afanye vivyo hivyo. Kasoro iliyozuka baada ya kazi, kwanza itafutwe ndani ya kazi hiyo.

Kama ulifungua kasha la hewa, hakikisha limefungwa sawasawa, mipira yote imerudi mahali pake, na haina ufa. Sikiliza kama pana sauti ya kufyonza; kipande cha mpira wa maji kilichowekwa sikioni husaidia kujua inatoka wapi, ila kishikwe mbali na mikanda na feni. Kama ulibadili oili, tazama mfuniko na kijiti cha kupimia, kwa maana katika baadhi ya magari hata hapo hewa huweza kupenya.

Kama ulibadili plagi, kumbuka kwamba plagi iliyoanguka sakafuni huweza kupasuka kaure yake, au nafasi yake ya cheche ikajifunga. Nafasi hiyo ilingane na kipimo cha kitabu cha gari. Katika magari ya zamani yenye waya za plagi, waya mbili zikibadilishana silinda injini huchafuka mara moja. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2. Katika magari yenye koili juu ya kila plagi, sukuma kila soketi mpaka isikike imeingia. Ukishuku koili moja, zima injini, uibadilishane na ya silinda ya pili. Kasoro ikihamia huko, mkosaji amepatikana bila kununua kitu.

Kama ulifungua betri au ulisafisha mlango wa hewa, huenda kompyuta ya gari imepoteza mazoea yake ya sailensi. Magari mengi hujirekebisha baada ya kuungurumishwa na kuendeshwa kwa muda; mengine yana utaratibu maalumu ulioandikwa kitabuni.

Katika kutafuta huko, maisha yatangulie. Injini isiungurumishwe katika banda lililofungwa, kwa sababu katika moshi wake mna gesi iuayo bila harufu ya kumwonya mtu. Mtu asinyunyize petroli juu ya injini inayowaka ili kutafuta tundu. Wako wanaofanya hivyo, nao wanachezea moto. Na taa ya injini ikiwa inapepesa, gari lisiendeshwe, kwani mafuta yasiyoungua huingia katika bomba la moshi na kuyaunguza masega yake, ambayo bei yake si ndogo.

Wako watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kuwaachia mafundi kazi yao. Sisi hatukubaliani nao. Mtu asiyejua lolote juu ya gari lake hubaki akitoa fedha kwa kila aambiwalo. Tunachotaka ni kujitegemea kwenye utaratibu: afanye kazi moja, awashe injini aisikilize, ndipo aanze ya pili. Apige picha kwa simu kabla ya kuchomoa kitu. Aitunze plagi kuukuu mpaka mpya ithibitike. Na akiisha kukagua alichokigusa asione kasoro, aende kwa fundi na kumweleza yote aliyoyafanya pasipo kuficha, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunatoa wito kwa kila ndugu anayefungua boneti Jumamosi ijayo: ushikapo spana, shika na kumbukumbu ya kila ulichokilegeza. Na gari likitetemeka, kabla hujamtia mtu doa la utapeli, jiulize swali lile alilotuuliza yule kijana. Kipuri kibovu hubadilishwa kwa shilingi chache. Jina la mtu likichafuliwa kwa dhuluma, hakuna duka liuzalo lingine.