Ufa, pengo, mbonyeo: kuitaja dosari ya injini ya ndege

Rubani aizungukapo ndege kabla ya safari hutazama, pamoja na mengine, mapanga ya feni mdomoni mwa injini (panga hili ni lile lile la pangaboi). Akikuta alama ukingoni mwa panga, hujiuliza kama inakubalika. Jibu kwa kawaida halimo katika vitabu vyake. Vikomo vya dosari huandikwa katika mwongozo wa matengenezo, ambao ni kitabu cha fundi, navyo hutofautiana kwa aina ya injini na hata kwa sehemu ya panga. Rubani hana budi kumweleza fundi alichokiona, na hapo uteuzi wa neno huwa na uzito.

Uharibifu ni neno pana mno. Hitilafu, lipendwalo na magazeti, hudokeza kwamba kitu hakifanyi kazi sawasawa, ilhali injini yenye alama huweza kunguruma vizuri kabisa. Dosari ndilo linalofaa kwa jumla; kisha itajwe aina yake.

Mbonyeo (mibonyeo) ni mahali palipoingia ndani bila kukatika: panga limebonyea. Pengo ni mahali palipomeguka, kama kwenye makali ya kisu kilichogonga jiwe. Pengo dogo lililo ndani ya kikomo fundi huweza kulilainisha kwa tupa, isibaki pembe kali ambamo ufa ungeanzia.

Ufa (nyufa) ni jambo jingine. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta imetuzoesha ufa unaozibika. Wa panga hauzibwi, panga huondolewa. Sema panga limeingia ufa. Limepasuka humfanya msikilizaji adhani limekwisha kuachana vipande.

Mfasiri atofautishe pia hakuna ufa na hakuna ufa ulioonekana. Mwezi wa Aprili 2018, panga la feni la ndege ya Southwest Airlines iliyotoka New York lilikatika angani, na abiria mmoja akafariki. Ufa uliotokana na uchovu wa metali ulikuwa shinani, panapochomekwa kwenye kitovu cha feni. Hakuna jicho la rubani ambalo lingeufikia kutoka nje. Kauli ya kwanza inadai asichoweza kukijua. Ya pili inaeleza alichokifanya.

Kikomo na kiwango navyo huchanganywa. Kiwango ni kadiri ya kitu, iwe ndogo au kubwa. Kikomo ni pale pasiporuhusiwa kupitwa. “Pengo liko ndani ya kiwango” haisemi kitu mpaka kiwango chenyewe kitajwe. Andika: “Kina cha pengo hakijazidi kikomo kilichowekwa kwa sehemu hiyo ya panga.”

Hali ya rubani mwenyewe ni shaka. Wasiwasi ni hofu ya moyoni, na mashaka huelekea kwenye taabu. “Rubani aliingiwa na wasiwasi” humfanya mwoga mtu aliyekuwa akitimiza wajibu wake; “rubani alikuwa na shaka juu ya pengo lile, akamwita fundi” ndiyo tafsiri ya haki.