Vioo vya Korogwe, mapori ya Handeni

Katika utafiti wa malaria uliofanyika Korogwe, mkoani Tanga, ushahidi ulianzia kwenye kidole cha mtoto. Tone la damu hupakwa juu ya kipande cha kioo, hukaushwa, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Ukingoni huandikwa namba badala ya jina. Mtaalamu mmoja huhesabu vimelea kwa hadubini, na wa pili huhesabu upya bila kuona jibu la mwenzake. Wakitofautiana, huitwa wa tatu. Kazi inachosha macho, lakini ndiyo iliyoipa Korogwe sauti duniani. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya RTS,S kwa watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya: malaria ilipungua kwa asilimia 53. Jaribio kubwa lililofuata lilihusisha watoto 15,459 katika nchi saba, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Mwenye shaka anayo makaratasi ya kurejea: fomu za ridhaa, madaftari, namba za vioo.

Ng'ambo ya Mto Pangani, Handeni, kulikuwa na elimu nyingine ya maradhi ambayo haikuwa na daftari. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha jinsi Wazigua wa karne ya 19 walivyofuga ng'ombe katika nchi yenye mbung'o na kupe. Walifyeka na kuchoma vichaka kuzunguka makazi, wakawasogeza wanyamapori mbali. Ng'ombe hawakutengwa kabisa na vijidudu; waliguswa kidogo kidogo, miili yao ikajenga ustahimilivu. Kwa maneno mengine, maabara ilikuwa shamba na zizi, na kumbukumbu yake ilikuwa pori lililofyekwa.

Kumbukumbu ya namna hiyo huishi kwa jasho la kila mwaka. Zikaja sotoka, nzige na njaa ya miaka ya 1890, pamoja na utawala wa Wajerumani na kodi zake. Vijana wakaenda kutafuta ujira kwenye mashamba ya mkonge. Mikono ilipopungua, vichaka vilirudi, mbung'o nao wakarudi. Mgeni aliyefika baadaye aliona pori tu, akadhani Handeni ndivyo ilivyoumbwa. Hapo ndipo ninapoona dhuluma kubwa: watu walionekana hawakujua kitu kwa sababu maarifa yao yalikuwa yameota miti juu yake.

Mzee Mochiwa aliandika kitabu cha Habari za Wazigua, kikachapishwa mwaka 1954. Kitabu kimoja hakitoshi. Wenye wazee Handeni na jirani yake Kilindi, kaeni nao mapema. Waulizeni mifugo ilinyweshwa wapi, pori lilichomwa msimu gani, bonde lipi liliepukwa na kwa nini. Andikeni pamoja na majina ya mahali, na nakala moja muipeleke maktaba ya mkoa, Tanga.